Joanitha Kemilembe, Aliyemtandikia Mgeni Nyasi

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 9 Desemba 2025, Anatolia, mama wa marehemu Joanitha, alikaa jikoni kwake Ijumbi, simu mapajani, akingoja habari kutoka Bukoba. Alikuwa amerudi nyumbani kuandaa chakula cha mzazi. Alfajiri mkwewe Mujuni akapiga. Alisema mtoto yu hai, hakumtaja Joanitha, na Anatolia akaijua habari ya pili kabla haijasemwa.

Joanitha Kemilembe alizaliwa Ijumbi, Wilaya ya Muleba, tarehe 14 Agosti 1996, mtoto wa tatu wa Ildefons Rwegasira na Anatolia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Muleba, kisha ualimu wa chekechea mjini Bukoba. Tangu mwaka 2018 alifundisha chekechea huko Kimwani, na Jumapili aliwafundisha watoto katekisimu kigangoni.

Kila Noeli yeye ndiye aliyetengeneza pango la Mtoto Yesu. Alilitandika nyasi mbichi, kama tunavyomtandikia mgeni nyumbani, na mbele ya hori aliweka kisahani cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mgeni hupokewa nayo. Mwaka mmoja jirani yake, bibi Joviana, alimtania mbele ya watu: “Mwalimu, mtoto wa siku moja ana meno?” Joanitha alijibu kwamba kahawa ni ya mama wa huyo mtoto. Ametoka mbali, amejifungua ugenini, na hakuna aliyempa pole. Kigango kizima kilicheka. Mwaka uliofuata Joviana ndiye aliyeleta kahawa.

Tarehe 24 Julai 2021 alifunga ndoa na Mujuni Kagaruki wa Kimwani. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ilipofika mwezi wa saba, presha ilipanda, miguu ikavimba, akalazwa Bukoba. Mama yake, ambaye hofu haikumtoka tangu mwanzo, alimuuliza ni Mungu gani huyu anayemtesa anayemtumikia. Joanitha alimshika mkono.

“Mama, hakukaa mbali akatutazama. Alibebwa tumboni kama huyu. Alilia njaa, akanyonya. Na mama yake alimwona akifa, asiweze kumsaidia.”



Joanitha alijifungua kwa upasuaji Jumatatu usiku. Kabla hakujapambazuka, kifafa cha mimba kilimshinda. Mungu aliyekubali kulala mikononi mwa mama amlaze na yeye pema.

Ameacha mume, wazazi, kaka yake Rutaihwa, dada yake Evelyne, na binti njiti ambaye bado hajapewa jina. Jana, Alhamisi, hospitalini Bukoba, wanaume walipokuwa wakipandisha jeneza garini, Anatolia alisimama nje ya chumba cha watoto njiti. Aliogopa kugonga. Aliogopa kumpenda huyu naye, kisha aitwe tena kwenye simu. Akagonga. Muuguzi alifungua mlango, akaitazama kanga yake ya msiba, akasema taratibu, “Bibi, nawa mikono, uingie.”