Nani Atamwitikia Mwalimu Kipkemoi?

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Kama umetoka kuchuma chai na kikapu bado kiko mgongoni, kitue chini. Kama umeweka maziwa jikoni, yaangalie yasimwagike, lakini sikio liwe huku. Leo tunamkumbuka Mwalimu Kipkemoi wa Shule ya Msingi ya Chepkosilet, ile iliyo juu kidogo ya Kapkatet. Alituacha mwezi wa sita, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Mwalimu Kipkemoi alisoma Chepkosilet. Akafundisha Chepkosilet, miaka thelathini na moja. Alipostaafu, watu walidhani atapumzika. Alipumzika wiki moja.

Lakini ukitaka kumjua Kipkemoi, anza na Mzee Bosire, seremala wa Kaplong. Nilimkuta karakanani kwake, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na mwaka 1970 akampeleka Bosire darasa la kwanza. Darasa lilikuwa na akina Kipngeno wanne na akina Chepngetich watatu. Bosire alikuwa mmoja tu. Akakalishwa dawati moja na Kipkemoi, dawati lenye mguu uliovunjika. Bosire alichonga kipande cha mti kwa panga la baba yake, akakipigilia pale.

"Hiyo ndio ilikuwa kazi yangu ya kwanza," aliniambia. "Tulikalia hiyo dawati miaka saba. Mwalimu akisema Kipkemoi, lazima aseme na Bosire."

Sasa, wasikilizaji, wale wa Chepkosilet wanajua desturi yao. Wengine sikilizeni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, waliosoma pale na waliofanya kazi pale hukutana uwanjani. Kipkemoi ndiye aliyeanzisha. Anafungua rejista, anaita majina ya waliokufa, mmoja mmoja, kama asubuhi darasani. Na aliyekaa dawati moja na marehemu anasimama na kuitikia: "Yuko!" Mama Chepngeno mpishi alipofariki, walioitikia ni jiko zima. "Yuko, na sufuria zimeoshwa!" Watu wakacheka huku wakijifuta machozi.

Jina lisipoitikiwa, linaitwa mara tatu. Kisha kalamu inaandika sifuri, yaani hayupo. Lakini chini ya Kipkemoi sifuri haikuandikwa hata moja. Aliyekosa mwenzake, Kipkemoi mwenyewe alimwitikia.

Basi ilikuwaje Bosire akakosekana pale miaka tisa?

Mwaka 2015, siku ya Alhamisi, tangazo la kifo lilisomwa redioni. Nakiri, lilisomwa kwenye kituo hiki hiki. "Mzee Bosire wa Kaplong." Tangazo halikuwa na makosa. Kaplong ilikuwa na Bosire mwingine, fundi wa baiskeli, Mungu amrehemu. Kosa lilikuwa la Kipkemoi. Na ni kosa la mtu wa kwetu kabisa. Angesikia Kipngeno amekufa, angeuliza mara moja, "Kipngeno gani? Wa mtoni ama wa kiwandani?" Mkipsigis yeyote huuliza hivyo, maana majina yetu tunagawana. Lakini Bosire? Kichwani mwake Bosire alikuwa mmoja tu, tangu darasa la kwanza. Hakuuliza.

Jumamosi ikafika. Bosire alikuwa amechelewa, kwa sababu alikuwa akimalizia benchi la kuleta shuleni siku hiyo. Anaingia langoni na benchi begani, anasikia sauti ya Kipkemoi ikiita: "Bosire." Kisha Kipkemoi yule yule, machozi yanamtiririka, anajiitikia: "Yuko!"

Na kweli alikuwepo. Amesimama langoni na benchi.

Mama mmoja alipiga nduru. Wengine walikimbia, kisha wakarudi wakicheka mpaka wakakaa chini. Kipkemoi alicheka pia, akaja mbio kumkumbatia. Bosire hakucheka. Aliweka benchi chini taratibu.

"Ulisikia lini nimekufa?"

"Alhamisi, rafiki yangu. Kwa redio."

"Alhamisi. Leo ni Jumamosi. Siku mbili mimi ni maiti, na hukufika kwangu hata kumwambia mke wangu pole?"

Bosire akageuka akaenda zake.

Hapo ndipo palipomuuma, wasikilizaji. Si kuitwa marehemu. Ni kwamba rafiki wa miaka arobaini na tano alisikia amekufa na hakuja kumlilia. Kipkemoi alituma watu mara mbili waombe msamaha. Mwenyewe alienda mara moja, akaambiwa mzee yuko kazini. Madawati ya shule yaliyovunjika yaliendelea kupelekwa Kaplong, na Bosire aliyatengeneza vizuri. Lakini uwanja ule hakuukanyaga tena. Miaka tisa.

Mwezi wa sita mwaka huu, Kipkemoi akaaga. Bosire alienda kumzika. Alisimama nyuma kabisa, akarudi nyumbani. Na mwezi wa nane ukawa unakaribia, na Chepkosilet nzima inaulizana jambo moja: jina la Mwalimu likiitwa, nani atamwitikia? Mtu aliyezuia sifuri za wengine wote, yeye ataandikiwa sifuri?

Chepngetich, binti wa Mwalimu, ndiye aliyeachiwa rejista. Mwezi wa saba akaenda Kaplong. Alimkuta Bosire anaranda mbao, akamsalimu kwa heshima.

"Baba, nimekuja kuulizia ile Jumamosi, tarehe mbili mwezi wa nane."

"Mimi siendi huko, mtoto wangu. Baba yako alijua sababu. Hata kunililia alishindwa."

"Alikuja, baba."

Bosire akasimamisha randa. "Alikuja wapi?"

"Ile Alhamisi. Tulikuja na yeye kwa boda boda. Tulifika hapo njia panda, akasema tushuke. Akakaa kwa jiwe. Alikaa kama saa mbili hivi. Mimi nikamwambia, baba, twende, kwake ni hapa tu. Akasema, 'Siwezi ingia kwa Bosire na Bosire hayuko.' Tukarudi. Ulipokasirika akaona aibu kukwambia. Akanikataza na mimi."

Kutoka jiwe lile mpaka karakana ni hatua mia tatu. Mimi nilizihesabu. Angetembea hatua mia tatu, angemkuta rafiki yake hai, anapigilia misumari kwenye benchi.

Chepngetich akafungua rejista. Ukurasa wa marehemu, jina la Bosire limekatwa kwa rula. Ukurasa wa mbele, limeandikwa upya, peke yake. Na kando yake alama tisa za wino wa buluu, moja kwa kila mwaka. Hata mwaka wa korona, Kipkemoi alipoita majina peke yake barazani, alama ipo.

"Lakini sikuwa shule," Bosire alisema. "Ameandika vile niko?"

"Alisema uko, baba. Hakusema uko shule."

Bosire aliniambia hakumbuki alichomjibu. Mkewe, mama Nyambeki, anakumbuka. "Alilia kama mtoto," alisema. "Kisha akaniuliza shati lake nyeupe liko wapi."

Jumamosi iliyopita nilikuwa Chepkosilet. Chepngetich alifungua rejista, akaita majina. Yuko. Yuko. Yuko. Mwishoni likabaki jina la baba yake. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Bosire akasimama mstari wa mbele.

"Ngoja kidogo, mwalimu. Anza na mimi."

Chepngetich akarudi ukurasa wa mbele.

"Bosire."

"Niko!"

"Kipkemoi."

"Yuko!"

Aliitikia kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza anayetaka mwalimu aliye mbali amsikie. Nimefanya kazi hii ya redio muda mrefu, na siku hiyo nilisahau kuwasha mashine ya kurekodi.

Kwa Chepngetich na familia yote ya Mwalimu Kipkemoi, poleni sana. Kwa Mzee Bosire na mama Nyambeki, poleni pia, maana nanyi mmefiwa. Na kwa jamaa wa Bosire yule mwingine, fundi wa baiskeli, ambaye kwa miaka tisa hatujamtaja ila kwa kucheka, leo tunamtaja kwa heshima yake. Poleni.

Na wewe unayenisikiliza. Huenda una mtu wako mliyeachana vibaya, au umesikia habari zake ukaogopa kwenda. Usiishie njia panda. Inuka kwenye jiwe, tembea hatua zilizobaki, ufike mlangoni. Huenda ukamkuta anaranda mbao.