Lori la Bakhtmand Halichaji

Kwenye kituo cha malori cha Mingora, mji wa milimani, nje ya kibanda cha chai, kuna kitanda cha kamba ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu. Kazi yake ni kubeba makalio ya watu wenye majibu. Mchana huo Bakhtmand, dereva, alikaa ukingoni, chai yake ya kijani ikipoa. Lori lake limesheheni mapichi ya kwenda jiji la Pindi, na mapichi hayamngoji mtu. Altaneta, ile mashine ya kuchaji betri, ni ya tatu hii, na bado betri haijai. Tajiri wake keshasema: likizimika tena njiani, funguo anapewa shemeji yake. Na huyo shemeji, jamani, hata baiskeli humwangusha.

— Hilo ni jicho la husuda, — alisema Redio, ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea. — Lori linang'aa kama bibi arusi! Umelifunga kitambaa cheusi cha kulikinga?

— Nimelifunga viwili, kaka.

— Ndiyo maana! Vimegombana.

Kanali, aliyewahi kuwa mpishi jeshini na mpaka leo hutoa amri, akagonga kikombe.

— Jicho, jicho! Betri hiyo ni ya bondeni. Huku milimani inakosa pumzi. Jeshini tulizipandisha taratibu mpaka zizoee.

— Ulipandisha betri wewe, au dengu? — Redio akauliza.

— Zilikuwa gari moja!

Mchoraji wa malori, waliyemwita Tausi kwa kuwa haachi lori bila kulichora tausi, akaguna.

— Kosa la mafundi umeme hilo. Wamekupa altaneta zilizosukwa na watu wenye njaa.

— Fundi kaipima mbele yangu, mzee. Pale mezani inatoa umeme safi. Nikiifunga kwenye gari, mshale wa chaji unalala.

— Basi imemzoea fundi, — Redio akasema. — Inataka kurudi kwao.

Bakhtmand alitamani kuwatumbukiza mtoni wote watatu.

Hapo akafika mzee mwenye mapichi, aliyetaka kwenda na mali yake. Akasalimu, akapewa chai, akasikiliza.

— Mwanangu, lilianza lini kugoma?

Bakhtmand akaweka kikombe chini. Tangu lianze kumsumbua, hakuna aliyemuuliza hilo.

— Tangu... tangu litoke kupakwa rangi.

Kitanda kizima kikamgeukia Tausi.

— Mnanitazamia nini? Rangi inakula umeme?

— Betri uliitoa? — mzee akauliza.

— Lazima! Mimi siachi chuma uchi. Nimepaka fremu yote, hadi pale unapofungwa ule waya mweusi wa betri. Mara tatu! Na waridi dogo juu yake.

— Na waya ukaufunga juu ya waridi? Umeme haupiti kwenye rangi, mwanangu.

— Sasa ningeufunga wapi?

Bakhtmand alishaingia uvunguni mwa lori na kisu, anakwangua, Tausi anamlilia miguuni kama kafiwa. Chuma kilipotoa weupe, akaurudisha waya, akakaza nati, akawasha. Mshale ukapanda, ukakaa huko huko. Taa zote za mapambo zikawaka mchana kweupe, na honi ikalia hadi muuza kebabu akaangusha mshikaki.

Mzee akapanda mbele. Tausi akang'ang'ania mlango.

— Ukirudi nitakurekebishia hapo. Waridi moja tu, dogo!

— Lisogelee hili lori na brashi, — Bakhtmand alisema akitia gia, — nikuchore wewe tausi mgongoni.