Hofu Yangu na Seva ya Baba Mdogo

Mwenyekiti wa jumuiya, baba zangu, mama zangu, shikamooni. Na nyie vijana wenzangu mliokaa karibu na mlango ili mtoroke kabla ya mchango, mambo vipi. Katekista amenipa nafasi hii kwa sharti moja: nisichekeshe. Nimekubali, kwa sababu niliyokuja kuyasema hayakunichekesha hata kidogo. Yalinitoa jasho mwezi wa sita, na mtu anayetoka jasho Sumbawanga mwezi wa sita mjue ana jambo zito.

Sitataja jina la mtu. Wengine mtawajua tu. Mkiwajua, nyamazeni.

Baba mdogo wangu ana kampuni ndogo pale Majengo. Ananunua mahindi na ulezi kwa wakulima, anahifadhi, anawauzia wenye viwanda. Ana ghala lingine Namanyere. Mwaka huu akaamua kufungua kituo Ilemba, na kazi ya kukisimamia akampa mama yangu. Ndugu zangu, mama alikuwa hana kazi tangu tulipomzika baba. Asubuhi aliyoambiwa habari ya Ilemba alitandika kitanda, akakitandua, akakitandika tena. Nikamwuliza, "Mama, kitanda kimekosa nini?" Akasema, "Niache, mwanangu, mikono inatafuta kazi."

Sasa, habari zote za kampuni zilikuwa kwenye laptop moja ya baba mdogo. Mzigo ukipimwa Namanyere wanampigia simu, anaingiza. Akiwa msalabani, yaani akiwa kwenye foleni ya benki, kila kitu kinasimama. Kuongeza Ilemba kwa mtindo ule ilikuwa haiwezekani. Jumapili moja tunakula ugali wa ulezi kwa bibi, laptop ikagoma mbele yetu wote. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Baba mdogo, hiyo mpelekee padre aipake mafuta ya wagonjwa. Nunua seva."

"Seva ndiyo nini?"

"Ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Mama anaandika akiwa Ilemba, wewe unaona hapa, Namanyere wanaona kule. Wote mnachota kwenye chungu kimoja."

"Na wewe unazijua hizo seva?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimelisikia hilo neno darasani mara mbili, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nasinzia. Niliongea hivyo ili binamu zangu wacheke, na walicheka. Baba mdogo hakucheka. Alinawa mikono taratibu, akasema, "Vizuri. Basi utaichagua wewe. Ikifanya kazi, Ilemba inafunguliwa. Isipofanya kazi, sina kituo, na shemeji atanisamehe." Shemeji ndiye mama yangu. Nilimwona mama ananiangalia kama mtu anayemwangalia daktari. Ule ugali nikausogezea binamu.

Tulianza kwa muuzaji mmoja wa Mbeya. Alitutumia picha ya dude pana, bapa kama droo ya kabati, lina taa za kijani mbele, linaingizwa kwenye kabati la chuma. Limetumika Ulaya, akasema, bado lina nguvu ya kuendesha benki nzima. Mshikaji, nililipenda! Nikaona kabisa nikilipiga picha na kuwatambishia wa darasani. Na programu, akasema, msihofu, nitawawekea ya kuchakachua, hamlipi kitu.

Baba mdogo akaniuliza, "Tuchukue?" Hapo ndipo hofu ilinishika. Nikaomba niulize shuleni kwanza.

Mwalimu wetu wa kompyuta hakutaka hata kuiona ile picha. Aliniuliza, "Watu wangapi watafanya kazi humo kwa wakati mmoja?" Nikasema labda sita. "Wanafanya nini?" Wanaingiza uzito, jina la mkulima, ghala. "Kwa programu gani?" Nikamsogezea tena ile picha. Akasema, "Wewe unatafuta chuma wakati hujui kitabeba nini. Chagueni programu kwanza. Programu itawaambia inataka mashine ya namna gani." Halafu akaniambia lile dude linanguruma kama mashine ya kusaga, linataka chumba chake chenye kiyoyozi, na likiharibika kifaa, Sumbawanga hakipatikani. Na ya kuchakachua? "Hiyo ni kumpa mwizi ufunguo wa ghala, halafu unamwomba akufungie mlango."

Basi tukaanza upya. Tukapata programu ya maghala, iliyotengenezwa na vijana wanaopokea simu ukiwapigia. Wao wakasema inakaa vizuri kwenye mfumo endeshi wa bure, halali kabisa. Mashine tukachukua ya kusimama, umbo la kompyuta ya kawaida ila imenenepa, mpya, yenye dhamana. Ina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea. Ina kumbukumbu inayojisahihisha ikikosea, kitu ambacho mimi mwenyewe sina. Tukaongeza UPS, lile betri la kuishikilia umeme ukikatika, na diski ya pembeni ya nakala ambayo baba mdogo anaipeleka nyumbani kila wiki, ili ofisi ikiungua habari zisiungue. Haikuwa na taa nyingi. Nilihuzunika kidogo kwa ajili ya picha.

Tuliiweka kwenye kona ya ofisi, mbali na vumbi la ghala. Ukuta wa pili wa kona ile ni chumba cha bibi, mama yake baba mdogo, ambaye anaishi hapohapo nyuma na ndiye anayefunga ofisi jioni na kuifungua asubuhi. Siku ya kwanza mama alinipigia kutoka Ilemba, anapiga kelele kama amefunga goli: "Mwanangu, nimeandika huku, baba yako mdogo ameona huko!" Nilitembea Majengo siku ile kama mbunge.

Halafu mwezi wa sita ukaingia na ule upepo wetu wa baridi. Asubuhi moja tukaikuta seva imezima.

Tukaiwasha. Inachukua muda, diski zinakaguana kwanza, na Ilemba wakulima wameshapanga foleni tangu alfajiri, mama hana pa kuandika. Kesho yake imezima tena. Na kesho yake tena. Jioni mama akitaka kuingiza mizigo ya mwisho, anakuta ukuta. Mchana kutwa inafanya kazi safi kabisa, ofisi ikifungwa inakufa.

Ndugu zangu, nilianza kuogopa simu. Nikiiona ya baba mdogo inaita, naificha kwanza chini ya daftari. Darasani nikiulizwa swali la historia najibu "diski." Nilipima umeme, nikabadilisha waya, nikaipigia magoti, sitanii. Mwalimu akasema, "Mashine ikipata joto sana hujizima yenyewe ili isiungue." Tukatazamana mimi na baba mdogo, tukacheka kwa uchungu. Joto! Sisi tumevaa makoti mawili, maji ya kunawa yanauma meno, halafu mashine ipate joto? Tukaliacha hilo.

Watu nao hawakukosa la kusema. Mnajua mji wetu ukitajwa tu kwenye basi, abiria wa mikoa mingine wanavyosogea upande kwa kuogopa uchawi. Sasa ofisini wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu asiyeitaka ile kampuni. Mimi ni mtoto wa sayansi, lakini nawaambia, ukiogopa vya kutosha, unaanza kuangalia miguu ya paka anayepita.

Ijumaa baba mdogo akaniita. Hakufoka, na hilo ndilo lilinitisha zaidi. "Mwanangu, Jumatatu ikizima, namrudishia muuzaji na nafunga Ilemba. Siwezi kuwasimamisha watu wa watu juani kila siku. Mama yako anakuja leo, nitamwambia mimi."

"Baba mdogo, niachie nimwambie mimi."

"Utaweza?"

Sikuweza. Mama alikuwa njiani, na mimi sikuwa na uso wa kumpokea. Ofisi ilishafungwa, jua linakaribia kuzama. Nikapita uani kwa bibi, nikasukuma mlango wa nyuma niingie ofisini nikakae tu na ile mashine, kama mtu anayekaa na mgonjwa. Madirisha yamefungwa. Giza giza. Na pale kwenye kona, ndugu zangu, kulikuwa na kitu kimechuchumaa. Kimejifunika gubigubi. Kinahema.

Nilitaka kusali, nikakumbuka sala ya kabla ya kula tu.

"Funga mlango, unaingiza baridi," sauti ikasema nyuma yangu.

Nilipiga ukelele ambao majirani bado wananikumbusha. Alikuwa bibi, ameshika taa.

"Shi... shikamoo bibi. Kile... kile ni nini?"

"Marahaba. Si kale kamashine kenu. Nimekafunika."

Ilikuwa seva. Ndani ya blanketi zito la bibi, lile la mistari, limezungushwa mara mbili na kuchomekwa chini vizuri, kama anavyotuchomekea sisi tukilala kwake. Nikalivua. Chuma kilikuwa cha moto kama jiko la mkaa. Na hapohapo, mbele ya macho yangu, ikazima.

"Bibi, kwa nini?"

"Nasikia kanapuliza usiku kucha ukutani kwangu. Vuuu, vuuu. Nikaweka mkono, kanatoa upepo. Nikasema haka kanaumwa baridi, hawa wamekaleta kutoka mjini kwa watu wa joto, wamekatupa kwenye saruji. Asubuhi nakafunua kabla hamjaja, maana nyinyi mnapenda kunicheka."

Niliketi sakafuni. Nikacheka, halafu nikagundua kumbe nalia pia. Nikamweleza kwamba ule upepo ndiyo pumzi yake, inajipooza, na nikamwambia alichosema baba mdogo kuhusu Jumatatu. Bibi akashika kifua. "Kwa hiyo nilikuwa nakaziba pua?" Akalikunja lile blanketi. "Na Ilemba inafungwa kwa sababu yangu?"

Hapo hofu ikanirudia kwa sura nyingine. Niliona baba mdogo akimfokea mama yake mbele ya watu. Nikamwambia, "Bibi, tutasema ni waya." Bibi akakataa. Alijifunga khanga, akanishika mkono kama mimi ndiye mzee, tukaenda hadi ghalani kwa mwanawe, akasema yote mwenyewe, amesimama.

Baba mdogo alimvutia mama yake kiti. Kisha akasema, "Mama, mimi mwenyewe ulinifunika hivyo mpaka nikiwa darasa la saba." Akacheka mpaka akaegemea gunia. Mama yangu akaingia mlangoni na mfuko wake, kachoka na safari, akauliza nani amekufa au nani ameoa.

Jumatatu tuliikuta inawaka. Na Jumanne.

Namshukuru mwalimu wangu aliyeniuliza maswali badala ya kunipa majibu. Namshukuru baba mdogo aliyeniamini, ingawa alinikondesha. Namshukuru bibi, na bibi, usiinamishe kichwa, watajua ni wewe.

Ninalowaachia ni hili. Tulifikiria umeme, vumbi, wezi, moto, diski kufa. Tulikaa na wauzaji, tukakaa na mafundi. Yule anayelala ukuta mmoja na ile mashine, hakuna aliyekaa naye hata dakika moja kumwambia ni kitu gani na kinaishije. Ukileta kitu kipya kwako, kianze kutambulishwa kwa walio karibu nacho zaidi. Na ukiwa huna uhakika na jambo, liseme mapema, hata kama binamu zako hawatacheka. Mimi ningeogopa siku moja badala ya mwezi mzima.

Kuna aliyeniuliza pale nje mbona mama yangu hayupo kwenye jumuiya leo. Nimefurahi sana kuulizwa. Mama hayupo kwa sababu yuko Ilemba, amesimama kwenye mzani, na foleni bado ni ndefu.