Mfagiaji wa Nywila

Kwenye benchi la kahawa, mbele ya duka la kinyozi, kijana waliyembandika jina la Nywila alikuwa ameshika tama. Kesho anaoa, na bosi wake amemwambia hapewi likizo mpaka mfumo wa kampuni upone. Mfumo huo ndio unaowatambua wafanyakazi kwenye kompyuta: ukiingia, jina lako linaandikwa mstari kwenye jedwali; ukitoka, mstari mwingine. Miaka yote hakuna aliyefuta. Jedwali limevimba, na asubuhi watu wanasubiri kufunguliwa mpaka wanasinzia. Nywila akatengeneza programu ya kufuta mistari ya zamani, akaiita Mfagiaji. Tangu jana inafagia bila kupumzika, na jedwali linazidi kunenepa.

Kinyozi hakushangaa. Alisema hata nywele ukizinyoa ovyo hurudi kwa hasira.

— Umelichokoza, bwana harusi. Ungeanzia kisogoni.

Fundi viatu, aliyekuwa akishona pembeni, akamkatiza. Kwa maoni yake mistari ile ilikuwa inazaana: Nywila anafuta madume tu, majike yamejificha ndani yanalea.

— Mistari haina dume wala jike, mzee wangu.

— Umeangalia?

Benchi zima likacheka, muuza kahawa akamimina nje ya kikombe. Kufika kikombe cha pili walikwisha kukubaliana kwamba kompyuta ni mjamzito, na kinyozi akaapa ni mapacha. Nywila naye alicheka mpaka machozi.

Ghafla wakainua macho. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amesimama mbele yao, suti ya harusi mkononi. Nywila akaruka wima.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nini kinakuchelewesha?

Akaeleza huku akitazama viatu vyake. Mfagiaji anaingia, anafuta mstari mmoja, anatoka. Anaingia tena kufuta wa pili, anatoka.

— Na huyo Mfagiaji, mwanangu, akiingia na kutoka, yeye haandikwi?

Kinyozi akamtazama fundi viatu. Fundi viatu akaikagua soli iliyokuwa mkononi mwake. Nywila akamkabidhi mama mkwe kikombe chake bila kujijua, akatimua mbio kuelekea ofisini, shati likipepea nyuma.

Mama akakitazama kikombe, akaketi palipoachwa wazi.

— Kumbe, akasema fundi viatu polepole, Mfagiaji ndiye baba.