Bwana Tulia Anavuka Mpaka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kubeba kamera ya kituo chetu begani, mpiga picha wetu mkuu anastaafu. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na fundi cherehani wake anajua taabu yake. Sote tunamwita Bwana Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyesimama mbele yake: mawaziri, maharusi, mbuzi, hata upepo. Mbuzi ndio waliomsikiliza zaidi.

Alianza kama mbeba nyaya, akapanda hadi juu ya mapaa, alikopigia picha za mafuriko, na hakuwahi kuleta picha inayoyumba. Aliwahi tu kurudi kutoka harusi ya bosi na picha safi ajabu za bibi harusi wa ukumbi wa jirani. Bosi alinuna mwezi mzima. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kazi yake bora kuliko zote aliifanya bila kujua. Mdogo wake alihamia ng'ambo ya mpaka, akaoa, akafia huko. Bwana Tulia alikwenda kumzika, akazuiwa mpakani kwa kukosa muhuri mmoja. Kamera aliyoishusha ubavuni ilibaki inarekodi: viatu vya watu kwenye foleni, na sauti yake akimbembeleza askari amruhusu amzike nduguye tu, kisha arudi. Hakuruhusiwa. Shemeji yake, akijua tu kwamba hakuonekana msibani, aliacha kupokea simu zake kwa miaka sita. Iliniuma kumwona akijaribu namba ile kila wakati wa chai.

Mwaka jana nilimshawishi tutengeneze filamu ya safari ile. Mkaidi huyu alitaka viatu vikatwe, eti picha inayumba! Tuligombana wiki nzima, nikashinda, kwa kuwa funguo za chumba cha uhariri ninazo mimi. Ilipoonyeshwa, hata mhasibu wetu alitoka nje akisingizia vumbi. Kisha tukamtumia shemeji, naye akakaa kimya.

Jumatatu iliyopita, katikati ya kikao, simu ya Bwana Tulia iliita. Alipoona jina aliruka, chai ikamwagikia ratiba ya wiki. Shemeji ameitazama filamu yote, tena na watoto, na kumbe watoto wamemnyang'anya simu, wanapokezana kuuliza baba mkubwa anakuja lini. Anakwenda Jumamosi! Mihuri yote ipo. Ofisi nzima imeikagua, mhasibu mara mbili.

Asante, kaka yetu, kwa kazi, kwa vicheko na kwa ubishi. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na safari ya heri. Ukifika mlangoni kwao, kamera iache ndani ya begi. Watoto ni watatu, na mikono yako yote miwili itahitajika.