Nguzo Nne Mdomoni mwa Mtaa

Jumatatu asubuhi tulikuta mtaa wetu, huku nyuma ya soko la Nyasho, umefungwa mdomo. Nguzo nne za zege, kimo cha kiuno, zimesimama pale unapotokea barabara kubwa. Mtu anapita, pikipiki inapita kwa kujibana. Gari, hapana. Malori ya mchanga yaliyozoea kukatiza humu kwa kasi yalifika, yakapiga honi, yakarudi kinyumenyume. Sisi wa benchi la kahawa la Dorkas tukaanza kuzichunguza.

Ephraim tunamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kuchanganya zege. Ndiye aliyeanza.

— Hizi sio za kuzuia gari. Ni alama za mpimaji. Mtaa umeshauzwa.

— Kwa nani? aliuliza Werema, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ambaye sasa anafika kwake kwa kuzunguka.

— Hawasemagi jina.

— Mwenyekiti wa mtaa ameezeka bati jipya, Dorkas alisema huku akimimina. — Kwa nini mwezi huu huu?

Nami nikachangia, maana kunyamaza kijiweni ni vigumu:

— Kuna watu wawili walikujaga na kamera. Walipiga picha mpaka choo cha jirani.

— Si nimesema! Injinia akasogeza kikombe. — Ni dhahabu. Ule mwamba wa mgodi wa Kiabakari unakuja chini kwa chini mpaka hapa. Hawataki malori yatikise ardhi wakipima.

— We mura, dhahabu Nyasho? Werema akamuuliza.

— Kwani Kiabakari walianza kwa kutangaza?

Werema akasimama.

— Jioni nakuja na mnyororo. Nafunga kwenye kirikuu, nang'oa moja moja. Nani yuko na mimi?

Injinia akanyoosha mkono. Na mimi nikanyoosha.

Pembeni alikuwepo mama mmoja, amesimama na kahawa yake. Sura yake tulikuwa tunaiona ikipita tu. Benchini hajawahi kufika. Akasema anaitwa Gaudensia, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwenye nguzo.

— Samahanini, baba zangu. Hizo nguzo niliziomba mimi.

— Wewe? Werema akamkazia macho. — Umetumwa na nani?

— Sijatumwa. Nilizunguka na karatasi ya sahihi miezi saba. Kwako nilibisha hodi mara mbili, ukasema una haraka.

Werema akakaa.

— Mwaka huu, mwezi wa tatu, lori la mchanga liligonga mtoto hapo, mama akaendelea. — Mimi ndiye mama yake.

— Pole sana, mama, Injinia alidakia. — Tunamkumbuka. Tulikuwepo siku ile, tulikimbia wote.

— Mlikimbia kweli, nashukuru. Alipita mbele ya benchi hili kila asubuhi akienda shule, na shikamoo aliwapa. Alikuwa anaitwa nani?

Injinia akamtazama Werema. Werema akanitazama mimi. Nilikumbuka sare. Nilikumbuka rangi ya lori, hata maneno yaliyoandikwa nyuma yake. Jina sikuwa nalo. Dorkas akafuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Mama alisubiri. Hakuwa na hasira. Alisubiri tu, kama mtu aliyeuliza njia.

Mwishowe Werema akasema, macho chini, kwamba basi nguzo zibaki.

Lakini mama hakuwa ameuliza habari ya nguzo.