Nakala ya Tisa

Zziii… kwap! Zziii… kwap! Mpaka leo nikipita karibu na duka la steshenari naisikia ile mashine ya kutoa kopi ikitema karatasi zangu, moja baada ya nyingine, za moto kama maandazi. Kopi tisa. Nilizikumbatia kifuani nikatoka dukani natabasamu peke yangu, nikiamini nimebeba uzima wa mama yangu mikononi.

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Ninyi mlioko hapa kanisani, na ninyi mtakaosoma haya kwenye jarida letu la parokia, nawasalimu wote, na wakubwa zangu shikamooni. Naitwa Skolastika. Wengi mnanijua kama Skola, yule binti wa njegere na stroberi pale sokoni, anayecheka mpaka meza ya tatu wanasikia. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikipindisha maneno mtanisamehe. Lakini alichonitendea Mungu sitakipindisha.

Mama yangu, Verediana, alikuwa mkulima kule Mgeta, juu kabisa, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi. Stroberi zangu zote zilitoka kwenye matuta yake. Tulikuwa na ndoto yetu, mimi na yeye: kutengeneza jemu, tuiweke kwenye chupa zenye picha ya mlima wetu. Mimi naota, yeye analima! Ndivyo tulivyogawana kazi.

Basi mama akaanza kuvimba miguu. Daktari akasema ni moyo, umekuwa mkubwa kupita kiasi. Akapewa dawa, akarudi nyumbani. Mimi huku mjini nikawa kama kuku aliyeona mwewe. Mama mmoja wa jumuiya yetu akanihurumia. Nampenda mpaka leo, na ameniruhusu nisimulie. Akanipa karatasi aliyoiokota kwenye benchi la kanisa. Ilikuwa novena ya mtakatifu mmoja. Simtaji, kwa sababu mtakatifu mwenyewe hana kosa. Sala yenyewe nzuri, inalainisha moyo. Lakini chini yake palikuwa na mistari miwili. Inasema utoe nakala tisa, uache moja kila siku kwenye kanisa lile lile, siku tisa mfululizo, haijawahi kushindwa. Na atakayeikatisha atampoteza ampendaye.

Ndugu zangu, ile mistari miwili ndiyo iliyonifunga. Sala niliisoma mara moja kwa siku. Ile mistari nilikuwa naisoma hata nikipima njegere.

Nikaanza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, naacha karatasi yangu benchi la nyuma. Siku ya saba mama akapiga simu.

"Skola, mwanangu, si uje hata kesho? Nina hamu na wewe."

"Mama, namalizia novena yako. Zimebaki siku mbili tu. Nikija sasa naiharibu!"

Akacheka, kikohozi kikamkatisha. "Haya, mtu wa sala. Malizia."

Nikamalizia! Mama ananiita, mimi nabaki kulinda karatasi. Siku ya nane nimetoka tu kuacha nakala, mama mdogo, mdogo wake mama, akapiga. Yeye hakubembeleza: "Skola, hayo mengine utamalizia huku. Panda gari." Nikapanda gari la Mgeta nalia, na nakala ya tisa imo ndani ya mkoba. Nilimkuta mama yu hai. Nilikaa naye siku tatu. Siku ya tatu, asubuhi, akalala akiwa ameshika kidole changu, hakuamka tena.

Tulimzika kwenye mvua za masika. Nikarudi mjini. Yule mama wa jumuiya akaja kunipa pole, akanikumbatia, halafu akaniuliza polepole, "Kwani ulikuwa umefika siku ya ngapi?"

"Ya nane."

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu! Moja tu!"

Hakukusudia ubaya. Na yeye alikuwa ametishwa na karatasi ile ile. Lakini lile neno "moja tu" liliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Nikasema moyoni, basi nimemuua mama yangu kwa siku moja.

Ndugu zangu, nisikilizeni. Tangu masika yale mpaka Novemba sikuwa mtu, nilikuwa mfungwa. Nilianza novena nne kwa mpigo. Rozari nikikosea neno moja, narudi punje ya kwanza. Kabla ya kuvuka barabara napiga ishara ya msalaba mara tatu, bodaboda wananipigia honi. Mteja anataka kipimo kimoja, mimi nimefumba macho midomo inacheza. Stroberi zinaoza mezani! Jemu niliisahau kabisa. Na ile nakala ya tisa niliificha kwenye kopo la majarini chini ya kitanda. Naogopa kuitumia, naogopa kuitupa. Nilikuwa namwogopa Mungu kama tunavyowaogopa mgambo wa manispaa: nikisikia hatua tu, nakusanya vitu nikimbie.

Jirani yangu wa meza pale sokoni ni Mwajuma, anauza ndizi. Siku moja akashindwa kuvumilia. "Wewe Skola, mimi nafunga Ramadhani nzima na sijakonda hivyo. Huyo Mungu wenu kwani amekukosesha nini?"

"Usikufuru, Mwajuma."

"Sikufuru. Nauliza tu. Tena rudisha chenji ya mteja, amesimama hapo tangu enzi za babu."

Novemba ikafika. Kanisani wakatangaza kama kila mwaka: kuanzia tarehe moja mpaka nane, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, pamoja na masharti mengine ya Kanisa, anaweza kuwapatia rehema kamili roho zilizoko toharani. Wenzangu walisikia habari njema. Mimi nilisikia mashine. Zziii… kwap! Nikasema hapa hapa, siku nane bila kukatisha, nitalipa ile moja niliyoiharibu.

Siku ya kwanza nikaenda. Ya pili nikaenda. Ya tatu nikaenda na homa. Siku ya nne malaria ikanilaza chini sikuweza hata kukaa. Ya tano nikajikokota mpaka sokoni, nikakaa chini ya meza, nikalia kwa sauti mbele za watu. Nimemkosesha mama mara mbili!

Mwajuma akafunika ndizi zake kwa kanga, akanishika mkono kama mtoto, tukatembea mpaka nyumba ya mapadre. Akagonga geti mwenyewe.

"Shikamoo, Padre. Mimi si wa kanisa lenu, ila huyu ni mtu wako. Mwangalie, maana anaisha."

"Marahaba, mama. Karibuni."

"Mimi naziwahi ndizi zangu." Akaondoka. Jamani, Mungu anaweza kumtuma yeyote!

Niliungama siku ile machozi yakidondoka kwenye kandambili. Hapa nawaeleza yaliyo yangu mwenyewe, kwa hiari yangu. Nilimwonyesha Padre ile nakala, maana tangu tarehe moja nilikuwa naitembeza mkobani. Akaigeuza huku na huku.

"Nani ameandika?"

"Sijui, Padre."

"Hata mimi sioni jina. Mtu asiye na jina amekutisha, ukamwamini kuliko Yesu uliyempokea kila Jumapili. Sala hii haina kosa, binti. Kosa ni kumfanya Mungu awe mtu wa kuviziwa. Mama yako aliugua moyo. Hakuugua karatasi."

Nikamwambia ukweli uliokuwa chini ya yote: "Lakini aliniita, Padre. Aliniita siku ya saba, nikakataa."

Hapo hakunifariji haraka haraka, na namshukuru kwa hilo. "Hilo ni lako," akasema. "Hilo tunalipeleka kwa Mungu, naye anasamehe. La karatasi si lako, liache hapa." Halafu akaniuliza, "Siku ya tisa yenyewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Mgeta. Namkanda mama miguu kwa maji ya moto. Akaniambia nimeiva, najua kukanda kuliko manesi. Tukacheka."

Padre akanirudishia ile nakala. Hapo nikakisikia mwenyewe nilichosema. Ndugu zangu! Kumbe kama nisingeikatisha ile novena, ningemkuta mama amebakiwa na siku mbili tu. Ile siku ya tisa niliyoililia miezi yote ndiyo siku niliyomkanda mama, tukacheka! Nililia tena, lakini kilio kile kilikuwa kingine.

Nikauliza habari ya rehema, maana bado nilikuwa na woga. "Na jana je? Sikwenda makaburini."

"Hukwenda jana, nenda leo ukiweza. Umeungama, komunika, ombea nia za Baba Mtakatifu, ichukie dhambi, mwombee mama. Ni zawadi Kanisa linakupa umpelekee mzazi. Umesikia mahali popote tumetangaza kwamba asiyekwenda atafiwa?"

"Hapana, Padre."

"Basi ukiona sala ina vitisho mkiani, jua mkia huo si wa Mungu."

Tangu siku ile nimefunguliwa. Nasali, tena sana, ila nasali kama mtoto anayeongea na mzazi. Rozari ninayo, nikikosea neno naendelea, Mama Maria ananielewa. Yule mama wa jumuiya nilimweleza yote, tukalia pamoja, siku hizi karatasi za benchini anampelekea katekista. Na jemu nimejaribu! Ya kwanza iliungua, Mwajuma akasema inafaa kuzibia bati. Ya pili ameila mpaka kulamba kijiko.

Ndugu yangu unayelala na hofu kwa sababu ya karatasi, au ujumbe wa simu unaosema watumie watu kumi la sivyo, nakusihi, mtegemee Mungu aliye na jina. Hakuvizii. Anakuita uje kwake, na ukichelewa bado anakungoja. Asante Yesu! Asante mama yangu. Asante Mwajuma na ndizi zako.

Mchana ule nilipotoka kwa Padre nilipita nyumbani nikachukua mkasi, kisha nikaingia kanisani. Hapakuwa na mtu, ni lile kapu la Novemba tu chini ya altare, ambamo tunaweka majina ya marehemu wetu. Nikakaa benchi la nyuma. Nikaikata ile mistari miwili ya chini. Kisha nikaigeuza nakala ya tisa, na nyuma yake, palipokuwa peupe, nikaandika kwa herufi kubwa: VEREDIANA, MAMA YANGU. Nikaikunja, nikaiweka kapuni, nikapiga ishara ya msalaba mara moja tu, nikaenda kuuza njegere.